Ndege Ndani ya Kreti: Silaha za Anga Zilizopotea Baharini na Pwani ya Afrika Mashariki

Ndege ya kivita iliyopakiwa melini ni silaha ambayo bado haijawa silaha. Tangu mabawa yake yanapofunguliwa kiwandani na kutiwa ndani ya kreti, hadi siku fundi anapokaza nati ya mwisho katika nchi ya mbali, ndege hiyo haiwezi kuruka wala kujitetea, na usalama wake wote uko mikononi mwa nahodha, makuli na hali ya hewa. Kwa sababu hiyo vita vikuu viwili vya dunia viliacha ndege nyingi zilizopotea bila kupigana: nyingine zilizama pamoja na meli zilizozibeba, nyingine zilifika bandarini zikakosa muda wa kuunganishwa, na nyingine ziliunganishwa vizuri lakini zikashindwa na joto la nchi zilikopelekwa. Pwani inayoanzia Diani na Msambweni, ikapita Lunga Lunga na Vanga, kisha ikashuka hadi Tanga, Mafia na delta ya Rufiji, iliyaona mengi ya mambo hayo kwa karibu, nayo inafaa kuwa mahali pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kuelewa jinsi silaha za gharama kubwa zinavyoweza kupotea kabla ya kumfikia adui.

Mpaka uliohitaji shehena

Lunga Lunga inajulikana leo kama kituo cha forodha kinachotazamana na Horohoro ya Tanzania, katika barabara kuu ya Mombasa na Tanga, ambako malori husubiri stakabadhi zikaguliwe kabla ya kuvuka. Mwaka 1914 mpaka huo ulitenganisha himaya mbili, Uingereza upande wa kaskazini na Ujerumani upande wa kusini, na vita vilipozuka mwezi wa Agosti nchi ya Wadigo na Wasegeju iliyo kati ya Mto Umba na Gazi ikageuka uwanja wa mapambano. Mwezi wa Septemba majeshi ya Wajerumani yalivuka kwa nia ya kuisogelea Mombasa kwa njia ya pwani, yakafika Gazi, na mwanzoni mwa Oktoba yakarudishwa nyuma. Kufikia Januari 1915 Waingereza nao walikuwa wameweka kikosi cha askari kutoka India huko Jasini, kusini kidogo ya Vanga, na tarehe 18 na 19 za mwezi huo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alikishambulia kikosi hicho mpaka kikasalimu amri. Waingereza wakajitoa katika bonde la Umba.

Ushindi wa Jasini, hata hivyo, ulimwachia mshindi hesabu nzito. Lettow-Vorbeck alikadiria kwamba askari wake walikuwa wametumia risasi 200,000, na kwamba kwa akiba iliyobaki angeweza kupigana vita vya namna hiyo mara tatu tu. Koloni lake lilikuwa limezingirwa baharini, yaani manowari za Uingereza zilizuia meli yoyote isiingie wala kutoka, na hapakuwa na kiwanda cha silaha kati ya Tanga na Ziwa Tanganyika. Vita vilivyopiganwa hatua chache kutoka Lunga Lunga vilikuwa vimegeuka kuwa suala la shehena.

Shehena hiyo ilifika tarehe 14 Aprili 1915. Meli ya mizigo iliyoitwa Rubens, ambayo asili yake ni ya Uingereza lakini Wajerumani walikuwa wameikamata vita vilipoanza, ilisafiri kutoka Ujerumani ikijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, ikazunguka ncha ya kusini ya Afrika, na ikaingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Nahodha wake, Carl Christiansen, alifungua vali za kuingizia maji ili meli ikae chini kwenye kina kifupi, akazichoma mbao zilizokuwa juu ya sitaha, na Waingereza walipoona moshi na moto waliipiga kwa mizinga, kisha wakaondoka wakiamini kwamba kila kitu kimeteketea. Baada ya hapo Wajerumani na vibarua Waafrika waliingia kazini, wakaopoa bunduki na mamilioni ya risasi, na risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafunguliwa moja moja ili baruti yake ianikwe na kukauka. Meli ilikuwa imepotea, lakini sehemu kubwa ya shehena yake ilipona na kurefusha vita.

Kisa cha Manza kinaonyesha tofauti iliyo kiini cha makala haya. Chuma, shaba na risasi ni shehena inayostahimili. Zinaweza kulala chini ya maji kwa siku kadhaa na bado zikafaa. Ndege ya wakati huo haikuwa na uvumilivu huo hata kidogo, na katika miezi hiyohiyo, kusini zaidi ya pwani hiyo, Waingereza walikuwa wakijifunza jambo hilo kwa hasara.

Ndege ilivyosafirishwa

Ndege za mwaka 1914 ziliweza kukaa hewani kwa saa chache tu, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuzifikisha Afrika Mashariki isipokuwa kwa meli. Fundi alitenganisha mabawa na bodi, akang'oa mkia na pangaboi, akazifunga nyaya na vipuri vidogo kwenye masanduku, na kreti zote zikashushwa ndani ya ngama, yaani tumbo la meli linalohifadhi mizigo. Safari kutoka Uingereza ilichukua wiki kadhaa, na wakati mwingine kreti zilihamishwa kutoka meli moja hadi nyingine bandarini. Kila uhamisho ulikuwa hatari, kwa maana bawa likichanika au sanduku moja la vipuri likiachwa nyuma, ndege nzima iliweza kukaa bure hadi meli nyingine ije.

Ndege hizo zilijengwa kwa viunzi vya mbao nyepesi vilivyoshikizwa kwa gundi na kukazwa kwa nyaya, kisha vikavikwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Fundi wa mashua wa Vanga au Shimoni huchagua mti anaoujua, uliokulia katika hewa ileile ambamo chombo chake kitafanya kazi. Mbao za ndege hizi zilikuwa za nchi za baridi, na zilipofika kwenye unyevu wa pwani zilivimba na kupinda, gundi ikalegea, kitambaa kikalegea, na mpira wa matairi na mabomba ukaoza. Maboya ya ndege za majini, yaani ndege zinazoruka na kutua juu ya maji kwa kutumia vyombo vinavyoelea badala ya magurudumu, yalipasuka viungoni na kuingiza maji.

Juu ya hayo kulikuwa na tatizo la hewa yenyewe. Hewa yenye joto hutanuka na kuwa nyepesi, na bawa hupata nguvu ya kuinua ndege kutokana na hewa linayoikata. Kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, ndivyo nguvu hiyo inavyopungua, na injini nayo hudhoofika kwa sababu inavuta hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Ndege iliyoruka bila shida katika asubuhi ya baridi ya Uingereza ilihitaji, kwenye joto la Mafia au Mombasa, njia ndefu zaidi ya kukimbilia na mzigo mdogo zaidi wa kubeba. Wahandisi walilijua jambo hilo kwa kanuni, lakini ndege nyingi zilizotumwa zilikuwa zimejengwa bila kulizingatia, na matokeo yake yalionekana wazi Rufiji.

Rufiji: ndege 11 na manowari moja

Manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye mizinga kumi ya milimita 105, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji wa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, ambako mikoko mirefu iliificha na maji mafupi yaliwazuia Waingereza wasiisogelee. Kwa kuwa meli hiyo haikuonekana kutoka baharini, njia pekee ya kujua ilipo na kuelekeza mizinga juu yake ilikuwa kuitazama kutoka angani. Hivyo ndivyo pwani hii ilivyoanza kupokea ndege za kivita kama shehena.

Za kwanza zilikuwa ndege mbili za majini aina ya Curtiss, mali ya mtu binafsi aliyeishi Durban, zikiendeshwa na rubani raia aliyeitwa Dennis Cutler, ambaye alipewa cheo cha kijeshi kwa haraka. Mwezi wa Novemba 1914 meli ya abiria Kinfauns Castle, iliyokuwa imegeuzwa ya kivita, iliileta ndege ya kwanza hadi kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Katika safari yake ya kwanza Cutler alipotea hewani na kutua kwenye kisiwa kisichokaliwa na watu, ambako alikutwa baadaye. Rejeta yake iliposhindwa kazi, ilibidi itafutwe Mombasa rejeta ya gari la Ford ili ndege iweze kuruka tena. Baada ya matengenezo hayo aliiona Königsberg, lakini bodi ya ndege ikaharibika wakati wa kutua, na ya ndege ya pili ikaletwa kutoka Durban. Tarehe 10 Desemba injini ilimzimikia juu ya delta, akalazimika kushuka mtoni na kutekwa na Wajerumani. Mashua ya Waingereza iliingia chini ya risasi na kuikokota ndege hadi nje, lakini rubani pekee wa kikosi hicho alikuwa amekwenda, na kwa hiyo jeshi la anga la Rufiji lilikuwa limekwisha.

Mwanzoni mwa 1915 zilifika ndege mbili mpya za majini aina ya Sopwith, zikiongozwa na John Cull, zikiwa zimesafirishwa kutoka Uingereza kupitia Bombay. Kwa hesabu za ofisi za London, pengo lilikuwa limezibwa. Kwa hali halisi ya Nyororo, ndege hizo hazikuweza kuinuka majini zikiwa na bomu, na zilipopunguziwa mafuta na mzigo ili ziruke, hazikufaa tena kazi iliyokusudiwa. Hakuna adui aliyezigusa. Joto, unyevu na udhaifu wa injini vilitosha kuziondoa vitani. Mwezi wa Aprili zikaja tatu za aina ya Short, ambazo zilikuwa zimetumika kabla ya hapo na zilibeba uzito zaidi, na moja wapo ilimwezesha Cull kuruka juu ya Königsberg na kuipiga picha. Nazo zilipaa chini mno, mahali ambapo hata bunduki za askari waliokuwa mikokoni ziliweza kuzifikia.

Ndipo Waingereza walipobadilisha mbinu na kuleta ndege za nchi kavu, zenye magurudumu, mbili aina ya Caudron na mbili aina ya Henri Farman, zilizofika mwezi wa Juni. Kisiwa cha Mafia kilikuwa kimekwisha kutekwa tangu Januari, na uwanja wa kurukia ukafyekwa huko. Kufika kwa ndege nne, hata hivyo, hakukuwa sawa na kuwa na ndege nne, kwa kuwa kabla ya siku ya shambulio mbili kati yake zilikuwa zimeharibika katika mazoezi na majaribio. Kati ya ndege 11 za aina tano zilizokuwa zimeletwa kwa kazi hiyo moja tangu Novemba, zilizobaki za kutegemewa ziliweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja.

Shambulio lenyewe lilifanywa na Severn na Mersey, manowari mbili za aina iitwayo monita, yaani meli fupi zenye mizinga mikubwa na kina kidogo kiasi cha kuweza kuingia mtoni. Tarehe 6 Julai 1915 zilifyatua mamia ya makombora bila kuimaliza Königsberg. Tarehe 11 Julai Cull na mwangalizi wake, H. J. Arnold, waliruka juu ya delta katika Farman wakituma kwa redio ishara za kuwaelekeza wapigaji mizinga, kombora kwa kombora, mpaka likapatikana lililotua juu ya meli ya adui. Wakati huohuo mizinga ya Königsberg iliipata ndege yao. Injini ikafa, na wakati ndege ikishuka Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha hadi dakika za mwisho, akiomba pia mashua ije kuwachukua. Ndege ilianguka mtoni karibu na Mersey, ikapinduka, na wote wawili wakaokolewa wakiwa hai. Siku hiyohiyo Wajerumani waliilipua manowari yao wenyewe.

Ndege iliyoanguka mtoni siku ile ndiyo moja kati ya chache zilizopotea zikifanya kazi zilizoletwa kuifanya. Nyingine nyingi zilikwisha kwa kutu, kwa gundi iliyoyeyuka, kwa kutua vibaya na kwa kukosa vipuri, ingawa kila moja ilikuwa imevuka maelfu ya kilomita za bahari chini ya ulinzi. Mizinga ya Königsberg, ambayo ilikuwa ya chuma, Wajerumani waliiopoa, wakaitia magurudumu na kuitumia nchi kavu, na mmoja wapo umewekwa Mombasa mpaka leo. Ndege zilizosaidia kuishinda meli hiyo hazikuacha kitu cha kuwekwa mbele ya jumba la makumbusho.

Kutoka Kilindini hadi Ziwa Tanganyika

Somo la Rufiji lilisikika kwa kiasi fulani. Tarehe 31 Januari 1916 Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, chenye marubani na mafundi wengi kutoka Afrika Kusini, kilishuka Mombasa na ndege zake, kikapanda reli kwenda uwanja wa Mbuyuni, upande wa Taveta, tayari kwa mashambulizi ya Kilimanjaro. Pamoja na ndege za mbao aina ya BE2c kilitumia pia Farman zenye viunzi vya mabomba ya chuma, ambazo zilikuwa zimeonyesha ustahimilivu wake katika jangwa la Afrika ya Kusini-Magharibi. Majeshi ya Uingereza yaliposonga mbele kufuata Mto Pangani na kuelekea Morogoro, kila pipa la petroli, kila tairi na kila pangaboi liliyafuata kutoka Kilindini kwa reli, kwa gari na kwa vichwa vya wapagazi, na ndege iliyovunjika mbali na bandari mara nyingi ilikuwa imevunjika moja kwa moja.

Safari ndefu kuliko zote ilifanywa na ndege nne za majini aina ya Short ambazo Uingereza iliwapa Wabelgiji mwaka 1916. Zilipelekwa kwa meli hadi mlango wa Mto Kongo, zikapanda reli kutoka Matadi, zikatiwa katika vyombo vya mtoni, zikashushwa na kupandishwa tena reli mahali penye maporomoko, mpaka zikafika ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Kutoka huko, mwezi wa Juni, ziliishambulia Kigoma, maskani ya meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Meli hiyo nayo ilikuwa imefika kwa namna ileile, ikiwa vipande ndani ya maelfu ya masanduku kutoka Papenburg. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, ikaopolewa baada ya vita, na chini ya jina Liemba ikaendelea kubeba abiria kwa vizazi kadhaa.

Kwa upande wao Wajerumani waliingia vitani na ndege moja, ambayo rubani Bruno Büchner alikuwa ameileta kwa meli kabla ya vita. Ilipoharibika, bahari ikiwa imefungwa, hakuna nyingine iliyoweza kuchukua nafasi yake, na kushindwa kuleta ndege kabisa kukawa hasara kubwa kuliko kuzamishiwa ndege njiani. Dhiki hiyo ndiyo iliyozaa jaribio la Novemba 1917, wakati puto kubwa lenye injini lililojulikana kama L59 lilipoondoka Bulgaria likiwa na shehena ya tani zipatazo 15 za dawa, risasi na vipuri kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck. Lilifika anga ya Sudan, likaitwa kurudi, na likatua lilikotoka baada ya kukaa hewani kwa siku nne hivi.

Hata upande uliomiliki bahari uliendelea kulipa. Tarehe 6 Januari 1917 ndege ya majini, ikiwa na rubani Edwin Rowland Moon na kamanda Richard Bridgeman, ilishuka kwa hitilafu ya injini ndani ya delta ileile ya Rufiji. Wawili hao waliichoma ndege ili isitekwe, wakatangatanga kwenye mikoko bila chakula wala maji, wakajitengenezea chelezo, na mkondo ukawachukua hadi baharini. Bridgeman alifariki. Moon alirushwa ufukweni na mawimbi, akatekwa.

Vita vya pili na njia ya kuzunguka Afrika

Katika Vita vya Pili vya Dunia ndege ziliongezeka mara nyingi, lakini udhaifu wake melini haukupungua. Italia ilipoingia vitani mwezi wa Juni 1940, Bahari ya Kati ikawa njia ya hatari kubwa kwa meli za mizigo za Uingereza, na shehena ya Misri ikalazimika kulizunguka bara la Afrika na kupanda kwa Bahari ya Hindi, kupita mbele ya pwani ya Uswahilini, hadi Bahari ya Shamu. Ili kufupisha safari hiyo kwa ndege, Waingereza walianzisha karakana kubwa huko Takoradi, katika Ghana ya leo. Kuanzia Septemba 1940 Hurricane na Blenheim zilifika hapo zikiwa ndani ya kreti, zikaunganishwa, na zikarushwa kwa vituo kupitia Nigeria, Chad na Sudan hadi Misri. Mantiki yake ilikuwa rahisi: kila kilomita ambayo ndege iliruka yenyewe ilikuwa kilomita ambayo haikukaa ngamani ikisubiri nyambizi.

Shehena nyingine ziliendelea kupita baharini. Meli Thistlegorm iliondoka Glasgow mwezi wa Juni 1941, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda Bahari ya Hindi hadi Bahari ya Shamu ikiwa na malori, pikipiki, vichwa viwili vya treni, silaha na vipuri vya ndege, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba ndege za Kijerumani ziliipiga bomu ikiwa imetia nanga ikisubiri zamu ya kuelekea Suez. Watu tisa walikufa. Wapiga mbizi wanaozuru mabaki yake leo hukuta sehemu za ndege zikiwa ndani ya ngama, karibu na pikipiki zilizopangwa kwa safu, yaani zikiwa bado shehena.

Kisa kilicho wazi kuliko vyote kilitokea upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi. Mwezi wa Februari 1942 Wamarekani walijaribu kuiokoa Java isichukuliwe na Wajapani kwa kuipelekea ndege aina ya P-40 katika meli mbili. Langley, ambayo zamani ilikuwa manowari ya kwanza ya Marekani ya kurushia ndege, ilibeba 32 zilizokwisha kuunganishwa, zikiwa zimepangwa juu ya sitaha pamoja na marubani wake. Sea Witch ilibeba 27 zikiwa ndani ya kreti. Tarehe 27 Februari ndege za Japani ziliipiga Langley kwa mabomu kusini ya Java, na meli za kuisindikiza zikalazimika kuizamisha pamoja na mzigo wake wote. Sea Witch ilifika salama bandarini Tjilatjap na kushusha kreti zake, lakini Wajapani walikuwa wamekaribia mno. Hapakuwa na muda wa kuziunganisha, na ndege hizo zikaharibiwa ili zisiwaangukie. Kwa vita vya Java, meli iliyozama na meli iliyofika zilitoa matokeo yaleyale, kwani hakuna hata moja kati ya ndege 59 iliyoruka kuilinda nchi ile.

Mwezi wa Aprili mwaka huo mashambulizi ya Wajapani dhidi ya Ceylon yaliwafanya Waingereza wahamishie Kilindini kituo cha manowari zao za Bahari ya Hindi, na pwani ya Kwale ikajikuta kandokando ya bandari iliyolinda njia yote ya shehena. Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu. Mwezi wa Juni na Julai 1942 nyambizi za Japani zilizamisha zaidi ya meli ishirini katika Mlango wa Msumbiji, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi nyingine iliizamisha karibu na Maldivi meli ya askari Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Kilindini, ikiua watu 1,297, wengi wao wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Idadi hiyo inapaswa kukumbukwa kila mara zinapotajwa kreti na tani, kwa sababu njia iliyopoteza ndege ndiyo iliyopoteza watoto wa nchi hizi.

Hesabu inayofungwa ufukweni

Matukio yote hayo, kuanzia Nyororo hadi Tjilatjap, yanathibitisha kwamba nguvu ya jeshi la anga haipimwi kwa idadi ya ndege zilizotoka kiwandani, wala zilizopakiwa, wala hata zilizoteremshwa gatini, bali kwa zile zilizounganishwa, zikapata mafuta, vipuri na fundi, na zikaweza kuinuka katika hewa ya mahali zilipo. Kila hatua kati ya kiwanda na uwanja wa kurukia ina namna yake ya kupoteza ndege, na kuzama kwa meli ni mojawapo tu, ingawa ndiko kunakoandikwa sana.

Hatua ya mwisho ya safari hiyo, ambayo ndiyo iliyoamua mambo, ilitegemea watu wa pwani na bara ambao majina yao hayamo katika taarifa za jeshi. Uwanja wa Mafia haukujifyeka, shehena ya Manza haikujiopoa, na ndege za Wabelgiji hazikujipandisha juu ya maporomoko ya Kongo. Katika Vita vya Kwanza makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu wakibeba mizigo ya majeshi ambayo hayakuwa yao, na Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi bado zina jina la kikosi chao. Mwandishi yeyote anayehesabu ndege zilizopotea bila kuwahesabu watu hao anaacha nje sehemu kubwa kuliko zote ya gharama.

Kwa Kwale na kwa Lunga Lunga hasa, kuna kazi ambayo bado inaweza kufanywa. Gazi na Vanga ziko Kenya, Jasini na Manza ziko Tanzania, Mafia na Rufiji ziko kusini zaidi, na mgawanyo huo umefanya kila nchi ifundishe kipande chake peke yake. Lakini risasi zilizotumika Jasini ndizo zilizoifanya shehena ya Manza iwe ya lazima, na mzingiro ulioikimbiza Rubens ndio ulioifungia Königsberg Rufiji na kuzileta ndege Mafia. Walimu wa historia wa pande mbili za mpaka wanaweza kuyafundisha matukio hayo kama somo moja, wakianzia na maeneo ambayo wanafunzi wanaweza kuyafikia kwa matatu au daladala, na makumbusho ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam yanaweza kuwasaidia kwa ramani na maonyesho ya Kiswahili. Wazee waliosikia habari hizo kwa baba zao wanapungua kila mwaka, na kilichobaki vinywani mwao kinafaa kuandikwa sasa, wakati bado yupo wa kuulizwa.